Jogoo wa Kukombolea Kidude Cheusi

Mimi Ida si mwepesi wa kusifu watu. Padri akihubiri vizuri nasema amejitahidi, basi. Wanaonijua wakinisikia namsifu mtu wanashtuka, wanadhani naumwa. Sasa washtuke vizuri, maana leo namsifu Nasrin, yule binti wa Kiyao kutoka Tunduru mwenye kibanda cha kompyuta pale Majengo. Huyo namvulia kilemba. Ni kweli pia kwamba nilimtukana mbele ya waombolezaji msibani kwa kaka yangu, na wala sijamwomba radhi, kwa sababu yeye Myao ni mtani wetu sisi Wangoni, na mtani hatukanwi akaumia.

Kaka yangu ni Egidi. Nasema ni, mnivumilie. Alikuwa mwalimu, akastaafu, akajenga Mjimwema na mkewe Aurelia, wifi yangu. Mtu wa maneno mengi yule, tulizaliwa tumbo moja, mtaona wenyewe nimetoa wapi. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka yote. Akili ilibaki palepale. Ukimtazama machoni unaona neno limefika mlangoni, mlango haufunguki. Nilikuwa nikitoka pale kwenda kulilia nyuma ya banda la kuku, nisimuudhi.

Kilichomwokoa ni kompyuta. Alikuwa nayo toka enzi za ukatibu wa chama chao cha walimu wastaafu, ya mezani, nzee, na Nasrin ndiye aliyemwekea Linux, mfumo wa kuiendeshea, baada ya ule wa mwanzo kuanza kuzubaa. Kazi aliyoizoea humo ilikuwa moja, barua pepe. Basi siku moja baada ya kutoka hospitali akajikokota hadi mezani, akafungua barua mpya, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akaandika: Aurelia, nataka uji usio na ndimu. Akagonga meza kwa pete yake. Wifi akaja kutoka jikoni, akasoma, akakaa chini sakafuni akalia mpaka uji ukaungua.

Toka siku ile wakawa wanaongea hivyo. Egidi anaandika, anahifadhi, anagonga meza, Aurelia anakuja kusoma, anamjibu kwa mdomo. Hatumi. Amtumie nani, na mke yuko jikoni? Kwa hiyo maneno yake yote yalikuwa yanabaki mle ndani, kwenye sehemu inayoitwa Rasimu, yamepangana. Na yalikuwa mambo ya kawaida tu. Mkaa umebaki? Huyo mgeni ataondoka lini? Ida ameanza kelele, nifungie mlango. Hilo nilisoma kwa macho yangu, na alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo wakati nasoma.

Siku aliyofariki Aurelia alikuwa uani, ameinjika maharage, anafua. Akasikia pete inagonga meza. Akaitika, "Nakuja," akamalizia kusuuza shuka iliyokuwa mikononi mwake, akaianika. Alipoingia sebuleni Egidi alikuwa ameegemea kiti, macho wazi, ameshakwenda. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimika chenyewe kama kinavyofanya kikiachwa. Wifi akapiga ukunga, tukajaa, na huko kwenye kujaa hakuna aliyekumbuka kioo. Maharage yaliivishwa na majirani, tukala jioni na ugali, maana msiba ni msiba na watu wanakula.

Jambo hilo la shuka lilimkaa wifi yangu moyoni. Hakulisema kwa mtu ila mimi, tena baadaye sana. "Wifi, alikuwa ananiita. Labda alikuwa anaomba msaada. Mimi nasuuza shuka." Nikamwambia aache mawazo hayo. Mtu hawezi kuacha mawazo kwa kuambiwa, lakini ungesema nini?

Sasa Nasrin. Alikuja kesho yake, kabla ya mazishi. Watani walishaanza vituko vyao, mmoja amelala njiani anadai hapiti mtu mpaka apewe soda. Sisi kwetu mpaka matanga yaishe kitu cha marehemu hakiguswi, meza yake ilikuwa vilevile, kompyuta inanguruma taratibu peke yake. Nasrin akaingia na ushungi wake, akatusalimia shikamoo sote kwa adabu, akaenda moja kwa moja mezani. Akainama kidogo, akabonyezabonyeza, kisha akachomoa kidude cheusi, kipana kama kipande cha sabuni ya mche, kilichokuwa kimeunganishwa kwa waya. Akakiinua juu watu wote waone.

"Nimechukua mbuzi wangu," akasema. "Wangoni mkimtaka, njooni na jogoo."

Watu wakacheka, na msibani kucheka ni dawa, najua. Lakini mimi siku ile sikuwa na nafasi ya kicheko. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, nikamalizia kwamba kidude chenyewe hakina maana, aende nacho akakaangie korosho. Akaniangalia tu. "Haya mtani," akasema, "jogoo awe mkubwa." Akaondoka nacho kwenye pochi.

Matanga yakaisha, tukakaa kugawa vitu. Aliyesimamia ni Rupert, anayemfuata Egidi kuzaliwa. Rupert ni mtu wa mila hasa, ukimwambia kitu kipya anauliza babu angesema nini. Kwetu vitu vya marehemu vinasafishwa kwanza ndipo vipewe mtu. Makoti yakafuliwa, viatu vikapigwa rangi, hata redio ikafutwa. Kompyuta ikaangukia kwa Calvin, mtoto mkubwa wa Rupert, mwalimu wa shule ya msingi kule Mpitimbi. Rupert akasema bila kuficha kwamba mashine nayo itolewe kila kitu cha marehemu: jina lake, picha yake inayotokea ukiiwasha, yote yafutwe, iwekwe upya. Hataki mwanawe awe anafungua mashine asubuhi anakutana na uso wa mtu aliyezikwa. Wazee wakaafiki. Aurelia alikuwa kwenye kaniki, ameinamisha kichwa, akaitikia bila kusikia alichoitikia.

Calvin simlaumu. Kijana yule ana adabu na uangalifu wake. Kabla ya kufuta alinunua flashi mpya, akahamishia kila alichokiona kwenye folda ya baba yake mkubwa. Nyaraka, picha, nyimbo za kwaya. Akahakikisha zinafunguka. Akamletea Aurelia ile flashi kwenye kitambaa, kwa mikono miwili, "Mama mkubwa, vitu vya baba vyote viko humu." Ndipo akafuta, akaweka Linux mpya, akapeleka mashine Mpitimbi.

Ilipita muda. Mahindi yakavunwa. Jumapili moja tumetoka misa, Calvin amekuja kusalimia na ile mashine kwenye gari la rafiki yake, ina kasoro ya waya, anaipeleka mjini. Aurelia akamwambia, "Mwanangu, kabla hujaondoka, niwekee yale maneno ya baba yako. Nataka lile la mwisho tu."

Calvin akaishusha mashine, akaiwasha, akachomeka flashi. Akatafuta. Nikamwona anatafuta tena palepale alipotafuta. Kisha akauliza maneno gani, na wifi akamweleza habari ya barua zisizotumwa. Kijana rangi ikamtoka.

"Mama, sikuiona hiyo folda."

Hakuiona kwa sababu haionekani. Nasrin alinieleza baadaye, nami nawaeleza ninyi. Kwenye Linux folda ambayo jina lake linaanza na nukta inajificha, usipoiambia mashine ikuonyeshe yaliyofichwa huwezi kuikuta. Na barua pepe zote za programu ile, zilizotumwa na zisizotumwa, zinakaa kwenye folda ya namna hiyo. Calvin alihamisha nyumba nzima akaacha chumba ambacho mlango wake hauna kitasa. Halafu akaibomoa nyumba.

Aurelia hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Basi, haina shida," akaingia ndani, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Nilimwona mgongo wake tu. Nikajua kwamba mwanamke huyu atakufa anaamini mumewe alimwita amsaidie, naye akachelewa kwa sababu ya shuka.

Calvin alizunguka na mashine ile mjini kwa mafundi wote. Wakamwambia ameshaandika vitu vipya juu ya vya zamani, vimekwenda. Aliporudi hakuweza hata kumtazama mama yake mkubwa. Nikamuuliza, "Hakuna mtu mwingine anayejua mashine hii?" Akasema aliyeifunga ni Nasrin. Kisha akakumbuka kitu, akasema, "Shangazi, kile kidude alichochukua msibani kilikuwa disk. Baba mkubwa alikuwa nacho cha kufanyia bakapu."

Bakapu ni nakala, kitu kikipotea huku kipo kule. Hilo nalijua hata mimi, mbegu za mahindi ninaziweka kwangu na nyingine kwa dada Mpitimbi, wadudu wakila huku kule zipo. Nikakumbuka korosho.

Alichochukua mtani hakikombolewi kwa maneno matupu. Nilikwenda bandani, nikamkamata jogoo wangu mwekundu, yule mwenyewe, siyo kale kamoja kanakochechemea. Nikafunga miguu, nikapanda bajaji hadi Majengo.

Nasrin alikuwa na mteja. Akaniona mlangoni na jogoo kwapani, hakushtuka, akamalizia mteja wake, kisha akasimama.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Mwizi wa msibani, mbuzi wetu yuko wapi?"

"Mmechelewa, nimeshamchinja." Akampokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Huyu anafaa. Nilidhani utaniletea kuku wa kizungu."

Nikauweka utani kando. Nikamweleza yote, shuka, pete, flashi, nukta. Utani ukamtoka usoni. Akaketi.

"Mama Ida, mimi nilichukua makusudi," akasema. "Misiba miwili nimeona, watu wanafuta mashine ya marehemu, kisha mjane anakuja hapa analia. Baba Egidi nilimfungia bakapu ijiendeshe kila jioni kwenye ile disk, maana kwa hali yake asingeweza kukumbuka. Ningesema msibani tafadhali msiguse disk, nani angenisikiliza? Ungenisikiliza wewe?"

"Hapana."

"Ndiyo maana nikawa mtani. Mtani akichukua kitu hakuna anayekigusa mpaka kikombolewe. Nikajua iko salama kwangu, mkitulia mtakuja. Kisha mama yangu akaugua nikakaa Tunduru, na ninyi hamkuja."

Wangapi wangefikiri hivyo? Kumbe wakati sisi tunalia, binti huyu alikuwa anawaza mbele kuliko ukoo mzima. Hata kule kuinama kwake mezani, kumbe alikuwa anaiaga disk kwanza kwa taratibu, maana ukiichomoa ghafla inaweza kuharibika. Nilimwambia palepale, "Nasrin, una akili za kutisha." Akasema anajua. Hana unyenyekevu hata chembe, na hilo nalo nalipenda.

Alikuja Mjimwema mchana uleule, na kompyuta ikarudishwa mezani pake pa zamani. Aurelia tukamweka kwenye kiti. Nasrin akasema, "Mama, nikuambie ukweli kabla sijaanza. Bakapu ya mwisho ilipita jioni ya siku ile, kwa sababu mlimwachia meza yake bila kuzima. Lakini programu ya barua ilikuwa imeachwa wazi. Mimi huwa napenda ifungwe kwanza ndipo kunakiliwe. Kwa hiyo maneno ya nyuma nakuhakikishia, lile la mwisho siwezi kuapa."

"Fanya, mwanangu," Aurelia akasema.

Nasrin akasema bismillah, akaanza. Nimewaona mafundi wengi, wanapigapiga wakitumaini. Huyu kila alichobonyeza alikijua. Alimfungulia Aurelia jina lake mwenyewe la kuingilia kwenye mashine, kando ya la Calvin. Akaileta ile folda yenye nukta kutoka kwenye disk. Akafungua programu ya barua. Ikafunguka tupu, nyeupe, inatukaribisha kama wageni.

Calvin akashika kichwa. Nasrin akasema, "Tulia mwalimu. Imejitengenezea makazi mapya, haijaambiwa ya zamani yako wapi." Akaielekeza kwenye yale ya zamani. Ikakataa. Akasoma ilichosema, akatingisha kichwa.

"Mafaili bado yanamhesabu Baba Egidi ndiye mwenyewe. Yanamkatalia mtu mwingine kuingia."

"Hata huko anabana," nikasema, na Aurelia akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nasrin akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja, akasema sasa vyote ni mali ya Aurelia. Rupert alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwona akiingia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mgao huo ulikuwa umesahaulika, na ameuafiki.

Ikafunguka. Yakateremka maneno ya kaka yangu, mstari kwa mstari, upande wa kushoto hadi chini. Mkaa. Uji. Padri amekuja kunilisha au kunila? Kwa namna fulani nilimsikia, ile sauti yake ya darasani kabla kiharusi hakijaichukua.

Aurelia akaweka kidole kwenye kioo, akashuka nacho mpaka mwisho. "Hili la jioni," akasema. "Hili nililisoma, ni la siku moja kabla. La siku ile halipo."

Nasrin alivuta kiti karibu.

"Mama, subiri. Haya maneno yote yako ndani ya faili moja refu, limeungana. Pembeni yake kuna faili dogo la orodha, ndilo linaloonyesha kila neno liko wapi. Unachokiona hapa ni orodha. Inawezekana orodha ilinakiliwa kabla haijaandika la mwisho." Akafunga programu. Akaifuta ile orodha. Calvin akaguna, akidhani anafuta tena, na Nasrin akamwambia bila kugeuka, "Orodha hutengenezwa upya, mwalimu. Maneno hayatengenezwi."

Akafungua. Mashine ikafikiri. Nilimtazama Nasrin badala ya kioo, na niliona midomo yake inatembea, anaomba dua. Fundi hodari namna ile, na bado anaomba. Nilimpenda kabisa, sasa hivi nasema bila aibu.

Chini kabisa ukaongezeka mstari mmoja.

Nasrin hakuufungua. Alisimama, akamwachia Aurelia kipanya, akamwonyesha pa kubonyeza, akageukia dirishani. Sisi wengine tulipaswa kugeuka pia. Mimi sikugeuka.

Wifi yangu akabonyeza, akasoma kimya. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua mambo ni mabaya, nikasogea nimshike. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanaloanisha kaniki, anashindwa kusema, ananionyesha kwa kidole nisome.

Kaka yangu aliandika: Aurelia, harufu ya maharage imenifikia huku. Usiharakishe, malizia nguo zako. Ila leo usisahau chumvi.

Aurelia akajifuta uso. "Wifi," akaniuliza, "niliweka?"

Nilikula yale maharage jioni ile, nimekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu ya msiba. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.